Daftari la kaboni ya Bahari ya Ross: shajara ya visanduku viwili

Jumamosi, 14 Desemba 2024

Shule imefungwa, mitihani imesahihishwa, na lile swali la Kidato cha Tatu bado linanikera. Tulikuwa kwenye somo la kuyeyuka kwa gesi. Nikasema bahari inameza karibu robo ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za watu. Mwanafunzi wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ikishamezwa inakwenda wapi?" Nikajibu kwamba inakwenda chini. Akakaa, lakini uso wake ulisema hajaridhika, na mimi mwenyewe sikuwa nimeridhika.

Kwa hiyo likizo hii natengeneza modeli ndogo kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila siku. Nimechagua Bahari ya Ross, kusini kabisa, upande wa Antaktika unaotazamana na New Zealand. Ni miongoni mwa sehemu zenye rutuba kuliko zote katika Bahari ya Kusini, na imepimwa sana, hasa na mradi wa utafiti wa AESOPS kati ya 1996 na 1998. Msimu wangu ni wa kiangazi cha 1999–2000, na kuna sababu ya kuchagua huo, nitaieleza nikifika.

Modeli ina visanduku viwili. Cha juu ni mita 50 za kwanza, zile zinazopata mwanga. Cha chini kinaanzia hapo hadi mita 500. Mwambao wa Antaktika, yaani ule ukingo wa bara ulio chini ya maji, umezama kuliko myambao mingi duniani, kwa sababu barafu ya bara imeukandamiza kwa uzito na kuukwangua kwa milenia nyingi, hivyo sakafu hapo iko mbali. Juu ya visanduku kuna hewa, chini yake kuna tope. Kanuni ni moja tu: gramu ikitoka mahali lazima ionekane mahali pengine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mzunguko wa mwaka, kwa ufupi, uko hivi. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba jua halizami. Upepo unaotoka bara unasukuma barafu ya bahari kuelekea kaskazini, na mbele ya Rafu ya Barafu ya Ross, barafu nene ya bara inayoelea juu ya bahari, linafunguka ziwa kubwa la maji wazi, polinya. Maji yana baridi ya karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, lakini yamejaa naitreti na fosfeti, virutubisho vya mimea. Kinachoanza kuota ni Phaeocystis antarctica, mimea midogo mno ya seli moja inayoishi kwa makundi ndani ya ute. Baadaye, hasa karibu na barafu inayoyeyuka na kule kwenye ghuba ya Terra Nova Bay, wanatawala diatomu, mimea mingine ya seli moja, wenye vijumba vya kioo. Februari inakwisha, barafu inarudi, mambo yanafungwa.

Jumatano, 18 Desemba

Siku nne, na bahari yangu ni jangwa.

Nilianza na kaboni iliyoyeyuka ya majira ya baridi, karibu mikromoli 2,220 kwa kilo ya maji, na naitreti 31. Nikashusha naitreti hadi 16, jambo la kawaida kwa kiangazi cha huko. Kwa uwiano wa Redfield, yaani wastani wa kile mimea ya bahari inachokula, kaboni 106 kwa naitrojeni 16, zile naitreti 15 zilizoliwa zinaondoka na kaboni kama 100. Nikazidisha kwa kina cha mita 50. Jibu: 5.1.

Gramu 5 kwa mwaka mzima? Setilaiti inaonyesha uzalishaji wa zaidi ya gramu 100 kwa mita ya mraba. Nikakagua fomula, nikakagua msongamano wa maji, nikalaumu umeme uliokatika mara mbili jana nikidhani faili limeharibika. Saa nne usiku ndipo nikaona: zilikuwa moli, si gramu. Moli moja ya kaboni ni gramu 12. Hili ndilo kosa ninalowakata wanafunzi alama mbili kila muhula.

Jibu sahihi: gramu 62 kwa kila mita ya mraba. Kuanzia hapa nikiandika gramu, maana yake ni gramu za kaboni kwa mita ya mraba.

Jumapili, 22 Desemba

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amekuja kwa ajili ya Krismasi. Ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Alinikuta nimeinamia kompyuta, nikamwonyesha kwa majivuno. Nilikuwa nimechukua makadirio ya setilaiti, nikaweka uzalishaji wa gramu 160, kisha zote nikazishusha kisanduku cha chini.

Akatazama dakika mbili. "Shemeji, hizi 160 ni mauzo au faida?"

Sikuelewa.

"Duka letu linaweza kuuza milioni kumi kwa siku na jioni kukawa hakuna kitu. Pesa imeingia, imelipa mzigo, imelipa vibarua. Ukimwambia bosi umepata milioni kumi, kesho huna kazi."

Kweli tupu. Setilaiti inakadiria kaboni yote iliyoingizwa kwenye chembe hai. Lakini humo humo juu kuna bakteria na wanyama wadogo wanaokula na kupumua, na wanachopumua ni hewa ukaa ileile inayorudi majini. Kilichopungua kweli, baada ya ulaji wote, ndicho kinachosomeka kwenye naitreti: gramu 62. Nimebadilisha jina la safu. Iliyokuwa "Uzalishaji" sasa inaitwa "Mauzo", na iliyo pembeni yake "Baki". Nimeacha majina hayo hata kwenye grafu.

Jumapili, 29 Desemba

Leo nimeweka mlango wa hewa, na ndicho kipande nilichodhani nakijua.

Nilichokuwa nikifundisha ni hiki: maji baridi yanayeyusha gesi zaidi, kwa hiyo bahari za ncha zinameza hewa ukaa haraka. Nusu ya kwanza ni kweli. Maji ya nyuzi 0 yanabeba hewa ukaa karibu maradufu ya maji ya nyuzi 20 chini ya shinikizo lilelile. Ila kasi ya gesi kupenya uso wa maji inategemea pia jinsi molekuli zinavyojongea ndani ya maji, na kwenye baridi zinajongea kwa kujikokota. Kwa fomula ya mtafiti Wanninkhof, kasi hiyo kwenye nyuzi 0 ni kama asilimia 56 ya ile ya nyuzi 20. Zidisha 1.9 kwa 0.56: unapata kitu kinachokaribia 1. Faida na hasara za baridi zinakaribia kufutana! Nimefundisha nusu ya hadithi kwa miaka tisa.

Kinachobaki kuamua kasi ni mambo mawili: upepo, ambao kwenye fomula unapigwa kipeo cha pili, na pengo la shinikizo la hewa ukaa kati ya hewa na maji. Pengo hilo linatengenezwa na mimea. Chini ya barafu, kabla ya kiangazi, maji yanakuwa na shinikizo la juu kuliko hewa. Nimeweka 410 kwa maji na 355 kwa hewa ya mwaka 2000, vyote kwa sehemu za milioni za atmosfia. Maana yake wiki za kwanza, barafu inapofunguka, bahari haimezi kitu, inatoa. Kisha Phaeocystis wanaondoa kaboni 100 kati ya 2,220. Hiyo ni chini ya asilimia 5, lakini shinikizo linaporomoka kutoka 410 hadi 208. Ndivyo kemia ya maji ya bahari ilivyo: sehemu kubwa kabisa ya kaboni iko katika hali ya bikaboneti, na gesi yenyewe ni kidogo mno, kwa hiyo badiliko dogo la jumla ni tetemeko kwa ile gesi.

Kemia hiyohiyo inachelewesha kujaza. Oksijeni ya tabaka la juu inaweza kusawazika na hewa kwa wiki chache. Hewa ukaa inachukua miezi mingi, kwa kuwa kila molekuli inayoingia inageuzwa bikaboneti na pengo linabaki karibu lilivyokuwa.

Kwa upepo wa mita 8 kwa sekunde, modeli inaingiza gramu 0.25 kwa siku pale pengo linapokuwa kubwa kabisa. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari, siku kama 75, jumla ni gramu 16.

Mimea imeondoa 62. Hewa imerudisha 16. Barafu inarudi kabla pengo halijazibwa hata theluthi.

Ijumaa, 3 Januari 2025

Nimepoteza siku tatu kwa jambo ambalo sasa naliona la kuchekesha.

Uwiano wa Redfield ni wastani wa bahari zote. Kwa Ross kuna vipimo vyake. Kevin Arrigo na wenzake walichapisha mwaka 1999 kwamba kwa kila fosfeti moja, Phaeocystis antarctica wanaondoa kaboni 147 na naitrojeni 19.2, ilhali diatomu wanaondoa kaboni 94.3 na naitrojeni 9.7. Ujumbe wake uko wazi: Phaeocystis wanavuta kaboni nyingi zaidi, na bahari ikibadilika ili diatomu wapate nafasi, uwezo wa kuvuta hewa ukaa utapungua.

Nikaingiza namba hizo. Modeli ikaniambia kinyume. Kwa zile naitreti 15, diatomu walivuta kaboni 146, Phaeocystis 115.

Nikatafuta kosa kwenye kila kisanduku cha jedwali. Mwishowe nilimpigia simu shemeji, ameshasafiri, nikamsomea namba. Akauliza, "Unahesabu kwa sarafu gani?" Nikamwambia naitreti. "Na huyo mtaalamu wako?" Fosfeti. Kimya kidogo. "Sasa shemeji, unalinganisha bei za maduka mawili, moja kwa shilingi na moja kwa dola, halafu unashangaa?"

Gawanya: 147 kwa 19.2 ni 7.7. Na 94.3 kwa 9.7 ni 9.7. Kwa kila naitrojeni, diatomu wanabeba kaboni zaidi. Kwa kila fosforasi, Phaeocystis wanabeba zaidi. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Sarafu ya maana ni ile inayoisha kwanza mfukoni, na hapo ndipo pa kukuna kichwa, maana katika Bahari ya Ross kwa kawaida haiishi naitreti wala fosfeti. Kiangazi kinakwisha vyote viwili vikiwa vimebaki. Kinachoisha ni madini ya chuma, yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno na bado hayatoshi. Yanapandishwa na mchanganyiko wa majira ya baridi, mengine yanatoka kwenye barafu inayoyeyuka, na mimea inayamaliza mapema.

Kwa hiyo modeli yangu haina sarafu sahihi hata moja. Kuweka chuma kunahitaji vipimo nisivyo navyo kwa msimu ule. Nimerudi kwenye Redfield na ile 100, ambayo naiona kama makubaliano ya muda. Nimeandika hivyo kwa maandishi mekundu juu ya safu.

Jumapili, 5 Januari

Kuzama. John Martin, yule mtafiti aliyevumisha hoja kwamba chuma ndicho kinachoipungukia mimea ya bahari, aliacha pia mchoro wa mwaka 1987 unaoonyesha jinsi mvua ya mabaki inavyopungua kadiri inavyoshuka: kina kigawanywe kwa 100, kipigwe kipeo cha hasi 0.858. Kwa mita 500 inabaki robo. Basi kati ya gramu 62 zinazoondoka juu, kama 15 zinagusa sakafu, na hata hizo nyingi zinaliwa na viumbe wa topeni. Mchoro ulitokana na vipimo vya Bahari ya Pasifiki, nautumia kwa kukosa mwingine.

Nilichojifunza kuhusu Ross yenyewe ni kwamba mitego ya mashapo, yale mafaneli yanayoning'inizwa chini ya maji, inanasa kilele mwishoni mwa kiangazi na katika majira yanayofuata kabla ya baridi, wiki kadhaa baada ya kilele cha uzalishaji. Phaeocystis hawaliwi sana. Ute wao na ukubwa wa makundi yao unawachosha walaji. Kule kwenye diatomu ndiko kuna krili wa barafu, wanaofanana na kamba wadogo, na samaki mdogo anayeitwa Pleuragramma, na kupitia hao chakula kinawafikia pengwini na sili. Kwa wingi wa kaboni, ndege na wanyama hao ni senti kwenye daftari hili. Nimewaacha nje ya jedwali, ingawa picha niliyoweka kwenye skrini ya kompyuta ni ya pengwini wa Adélie.

Jumamosi, 11 Januari

Leo ndipo jibu la yule mwanafunzi lilipoanza kuonekana, na si lile nililolitarajia.

Zile gramu 62 hazikuondoka dukani. Zimetoka rafuni zikaenda stoo. Karibu zote zinapumuliwa, nyingi na bakteria kati ya mita 50 na 500 na nyingine topeni, na kuwa hewa ukaa tena. Kisha yanakuja majira ya baridi. Maji yanapoganda, barafu inatema chumvi, maji yaliyobaki yanakuwa mazito, yanazama, na safu nzima inakorogwa, mahali pengi hadi chini. Stoo inamwagwa rafuni. Oktoba ikifika kisanduku cha juu kina 2,220 tena, tayari kwa msimu mpya. Mzunguko mzuri, lakini kwa upande wa hewa tuliyo nayo sisi, hesabu yake ni sifuri.

Mtaji mpya ni zile gramu 16 tu, zilizoingia kwa mlango wa juu wakati mlango uko wazi. Na zinabaki kwa sababu ya kifuniko. Yale maji ya majira ya baridi yenye shinikizo la 410 yangependa kupumua hewani, lakini barafu imeyafunika. Patricia Yager na wenzake walitoa hoja ya namna hii mwaka 1995 kutokana na polinya ya kaskazini mashariki mwa Greenland: mimea inavuta wakati wa maji wazi, barafu inazuia kurudisha. Ni vali, kama ya pampu ya baiskeli.

Kisha yale maji mazito, yakiwa na chumvi nyingi na kaboni yake, yanateleza ukingoni mwa mwambao na kuchangia Maji ya Chini ya Antaktika, yanayotambaa kwenye sakafu za bahari kuu kuelekea kaskazini. Huko yanakaa kwa karne. Hilo ndilo "chini" nililolitamka darasani bila kujua njia yake.

Nikafanya jaribio moja la kujikatisha tamaa. Kifuniko hakifungi vizuri. Terra Nova Bay kuna upepo mkali unaoporomoka kutoka bara na kuacha maji wazi hata katikati ya baridi. Nikaacha asilimia 5 ya uso wazi kwa siku 240. Kwa upepo wa mita 8 nilipoteza gramu 1.1. Nikaweka mita 16, kwa kuwa upepo wa pale si wa mchezo: gramu 4.5. Zaidi ya robo ya mtaji imetoka kwa tundu la asilimia 5. Kinachouma ni kwamba tundu hilohilo ni kiwanda cha maji mazito, kwa hiyo huwezi kuliziba kwenye modeli bila kuua njia ya kwenda chini.

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Vipindi 26 kwa wiki. Modeli italala.

Jumapili, 26 Januari

Jana nililala usingizi wa mchana kwa muda wa saa tano, leo nina nguvu. Sasa ile sababu ya kuchagua 1999–2000.

Machi 2000, Rafu ya Barafu ya Ross ilimega kipande kilichopewa jina la B-15, chenye kilomita za mraba kama 11,000. Unguja sita zingeenea juu yake na nafasi ikabaki. Vipande vyake vilikaa vibaya, vikazuia barafu ya bahari isisukumwe kaskazini kama kawaida. Kiangazi cha 2000–2001 eneo la kusini magharibi lilibaki limefunikwa. Setilaiti ya SeaWiFS, iliyorushwa 1997, ilionyesha uzalishaji umeshuka kwa takriban asilimia 40. Pengwini wa Adélie wa Cape Royds walilazimika kutembea mbali sana juu ya barafu kufikia maji.

Kwa hiyo nina misimu miwili inayofuatana, mmoja kabla na mmoja baada. Nilitaka kupakua picha za klorofili za misimu yote miwili, bando likaisha kwenye faili la kumi na moja, na nusu ya yaliyoshuka yalikuwa mawingu. Nikatumia asilimia 40 kama ilivyo. Baki ikawa gramu 37 badala ya 62, na dirisha la kuvuta nikalipunguza kutoka siku 75 hadi 48.

Nilitegemea mtaji nao ushuke asilimia 40. Ulishuka kutoka 16 hadi 6.

Sababu inaonekana ukifuata namba. Mimea michache ina maana shinikizo la maji linashuka hadi 273 tu. Pengo na hewa linakuwa 82 badala ya 147. Tena lile pengo dogo linapata siku chache za kufanya kazi. Na kumbuka maji yalianzia juu ya hewa: sehemu ya kwanza ya kazi ya mimea ni kulipa deni la zile 55 kabla bahari haijaanza kumeza chochote. Msimu mbaya unalipa deni lilelile kwa kipato kidogo. Nilimtumia shemeji kwa ujumbe wa sauti, akacheka: "Hiyo ni kodi ya fremu, shemeji. Uuze usiuze, mwisho wa mwezi inadaiwa."

Ndiyo maana sasa siamini hesabu yoyote ya ncha za dunia inayokokotoa umezaji kwa kuzidisha uzalishaji kwa namba moja ya kudumu. Misimu miwili kwenye sanduku hilohilo imetoa uwiano tofauti kabisa.

Jumapili, 2 Februari

Daftari halibalansi. Msimu wa 1999–2000, jumla ya visanduku vyote mwisho wa mwaka inazidiwa na kilichoingia kwa gramu 0.19. Ni kidogo, ningeweza kukinyamazia, lakini msimu wa 2000–2001 unabalansi hadi desimali ya sita, kwa hiyo si suala la kukadiria namba.

Nilihisi kaboni hai iliyoyeyuka, ile isiyozama wala kupumuliwa haraka. Lakini sikuipa kisanduku, haiwezi kupotelea mahali pasipokuwepo. Nikahisi tope. Nikahisi Terra Nova Bay, tundu likiwa limefungwa na bado likavuja.

Nikampelekea shemeji faili zima. Hakuuliza lolote kuhusu bahari. Baada ya saa moja akaandika: "Safu ya hewa ina mistari 366. Safu ya maji ina 365. Shemeji, mwaka 2000 ulikuwa na tarehe 29 Februari."

Siku hiyo moja pengo lilikuwa 110. Gramu 0.19 ziliingia kwa mlango wa hewa, na upande wa pili hapakuwa na mstari wa kuzipokea.

Nimeongeza mstari. Kesho kipindi cha tatu niko na Kidato cha Nne, waliokuwa wa Tatu mwaka jana. Nitaingia na kompyuta.